Pop, Dansi na Metal: Maisha Yangu Mezani pa Vibao Vipya

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganywa, na namshukuru aliyenidanganya mpaka leo. Nilikuwa nimeacha kuuza kaseti katika duka moja karibu na soko la Thika, nikaajiriwa na kituo cha redio kilichofunguliwa hapo mjini wakati redio za watu binafsi zilipoanza kuchipuka. Kazi yenyewe iliitwa msaidizi wa maktaba ya muziki. Mimi nilidhani ni kupanga sidii kwenye rafu na kupanguza vumbi. Nikavaa sketi yangu ya kanisani, nikafika kabla mlinzi hajafungua lango.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Muziki, mzee mwembamba, mpole wa maneno, ambaye ujanani alipiga besi katika bendi za hoteli. Alinikalisha kati ya spika mbili kubwa, akaniambia kwamba atanichezea wimbo mmoja uliorekodiwa katika studio mbili tofauti, kisha nimwambie ni studio gani iliyofanya kazi nzuri zaidi. Akacheza. Akacheza tena. Sikusita hata kidogo. Nilisema ni ya pili, kwa sababu besi imeshiba na mwimbaji anasikika kama yuko hapa chumbani.

Mkuu wa Muziki akasema, "Wangeci, hakuna studio mbili. Ni rekodi ile ile. Mara ya pili nimeongeza sauti kiasi cha unywele."

Nilitamani kurudi kwenye kaseti zangu. Lakini hakunicheka. Alinieleza kwamba sikio la binadamu lina ulafi. Likipewa vitu viwili sawa, litachagua kile chenye kelele zaidi, kisha mdomo utatafuta sababu za kujitetea. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vibao viwili, ni lazima usawazishe, yaani ulete nyimbo zote kwenye nguvu moja ya sauti, ndipo uanze kusikiliza. Kusawazisha ndilo neno la kwanza nililojifunza katika kazi hii, na vijana mnaosoma haya mkisahau mengine yote, hilo mlishike.

Kibao, kwa sisi wa redioni, ni wimbo mmoja unaotolewa peke yake, uende sokoni ukajitafutie maisha bila kubebwa na albamu. Enzi zangu vilikuja kwa bahasha kutoka Nairobi, baadaye vikaja kwa flashi mfukoni mwa vijana, na mwisho vikawa vinashuka tu kwenye simu kama mvua. Kila wiki lundo lilikuwa kubwa kuliko nafasi. Mtu fulani lazima akae na kuamua kipi kitachezwa na kipi kitangoja, na kwa muda mrefu mtu huyo nilikuwa mimi.

Mkuu wa Muziki alinifundisha kusikiliza kila kibao mara tatu. Kwanza kwenye spika kubwa za studio, ambazo hazifichi kitu. Kisha kwenye redio ndogo ya jikoni tuliyoiweka juu ya kabati, kwa sababu wasikilizaji wetu walikuwa jikoni, kwa kinyozi na kwenye vibanda vya mboga. Mwisho tulitoka nje, tukafunga mlango, tukasikiliza kinachopenya. "Kinachopita mlangoni ndicho mtu ataimba akienda nyumbani," alikuwa akisema. Na mtu akisikia wimbo wa aina asiyoijua, akaanza kuulaumu kwa kutokuwa kitu kingine, alimkata maneno: "Mbuzi haulizwi mayai. Uliza kama maziwa ni mazuri."

Alistaafu akaniachia kiti chake na ile redio ya jikoni. Miaka michache baadaye kituo kilifungua studio nyingine Ruiru, kwa sababu watu walikuwa wanahamia huko kwa wingi na nyumba za kupangisha zilikuwa zinapanda kila kona. Nikahamishiwa huko. Studio ilikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la hadiwea lililouza saruji na misumari, na gari la moshi la abiria likipita tulilazimika kusimamisha kurekodi mpaka ukuta utulie.

Bosi wa Ruiru alikuwa Meneja wa Kituo, mama aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili kabla ya kuingia redioni. Huyo alinifunza kusema. Nilikuwa ninajua kusikiliza, lakini nikiandika maelezo ya kibao nilijaza "mzuri sana", "mtamu ajabu", "moto wa kuotea mbali". Alinirudishia karatasi zikiwa zimechorwa kalamu nyekundu kama daftari la mtoto wa darasa la nne. Aliniambia, "Usinipe sifa. Niambie wimbo unafanya nini, halafu mimi mwenyewe nitaamua kama ni mtamu."

Ni yeye aliyenikubalia kuanzisha kipindi cha Jumamosi alasiri kilichoitwa Vibao Vitatu. Mpango ulikuwa rahisi. Kila Jumamosi nilicheza vibao vitatu vipya, nikavilinganisha, kisha wasikilizaji wakapiga simu na kutuma ujumbe kusema kipi kimeshinda. Cha kwanza kilikuwa cha pop, muziki wa kupendwa na wengi, ambao uhai wake uko kwenye kiitikio. Pop nzuri inakuimbisha kiitikio kabla hujajua majina ya waimbaji. Cha pili kilikuwa cha dansi. Si dansi ya kina baba zetu yenye saksafoni na suti, bali hii ya siku hizi inayotengenezwa kwa kompyuta, ambayo ngoma yake ya chini haikati, na ufundi wake ni kujua lini uiondoe ili watu waililie, na lini uirudishe. Cha tatu nilikiita kiti cha mgeni. Hapo nilikaribisha muziki ambao redio nyingine hazikuutaka.

Wasikilizaji waliniita Tata Wangeci. Tata kwa Kikuyu ni shangazi, na walinipigia simu kama mtu anavyompigia shangazi yake, wakinikosoa bila woga. Kipindi kikapendwa. Kuna wakati nikitembea mjini Ruiru Jumamosi jioni, wenye maduka walikuwa wakiniita wanieleze kwamba nimewaonea watu wa dansi, au nimewapendelea watu wa pop.

Metal ilipoketi kwenye kiti cha mgeni mara ya kwanza, ndipo nilipojua ukali wa wasikilizaji wangu. Ulikuwa wimbo kutoka nchi za mbali, nilioombwa na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakikaa kwenye hosteli za upande wa Juja. Metal ni muziki wa magitaa yaliyolegezwa nyuzi mpaka yanatoa sauti nzito kama trekta, ngoma inayopigwa kwa miguu yote miwili, na mara nyingi sauti ya kunguruma badala ya kuimba. Wanafunzi walifurahi. Wengine walipiga simu wakiuliza kama mitambo yetu imeharibika. Wazee wa kanisa fulani walifika ofisini Jumatatu, wakiwa wamevaa tai, wakaeleza kwa heshima kwamba hawataki watoto wao wasikie mashetani alasiri.

Wakati huo Meneja wa Kituo alikuwa amekwisha kuacha kazi, na mamlaka ya vipindi yote yalikuwa kwa Mkurugenzi wa Vipindi, kijana hodari aliyeleta upigaji kura kwa simu na kukifanya kituo chetu kisikike kwenye intaneti. Sitaki mumwone kama mtu mbaya. Alikuwa na watangazaji wa biashara wa kubembeleza na mishahara yetu ya kutafuta. Aliniomba metal niiache kidogo, watu wapoe. Nikamkubalia kwa muda.

Ndipo akaja Njambi.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mtulivu, mwenye nyuzi za sweta zimeng'ang'ania kwenye nguo yake, kwa sababu alifanya kazi ya kufuma sweta za shule katika kijumba kimoja pale Kiuu, upande wetu wa Ruiru. Alipanda ngazi zetu, akanisalimia kwa adabu, akaniambia yeye na wenzake wana bendi na wamerekodi kibao. Nilimuuliza ni cha aina gani. Akasema metal, kisha akaangalia chini kana kwamba amesema tusi mbele ya mkwe.

Kibao kiliitwa "Machimbo". Nilikicheza kwenye spika kubwa na sikusikia neno hata moja. Walikuwa wamerekodi katika chumba cha kupanga, wameegemeza magodoro ukutani kuzuia mwangwi, na yule aliyechanganya sauti aliyapenda magitaa kupita kiasi. Sauti ya Njambi ilikuwa imezikwa chini yao. Nilimwambia hivyo. Nikamuuliza anasema nini humo ndani.

Akanieleza. Kaka yake, Mwangi, alikuwa mkata mawe ya kujengea katika machimbo yaliyo upande wa mashariki wa barabara kuu ya Thika. Siku moja asubuhi ukuta wa mawe ulimwangukia. Wenzake walimtoa, akapelekwa mochari, na mchana wa siku hiyo hiyo kazi ikaendelea kwenye ukuta ule ule, kwa sababu malori yalikuwa yamepanga foleni. Jambo hilo la malori ndilo lililomkaba Njambi. Msiba ulipita, watu wakaimba nyimbo za faraja kwa sauti tamu, naye akaona sauti tamu hazimtoshi. Akaanza kunguruma. Kiitikio cha wimbo kilikuwa, "Mawe hayalii, basi nitalia mimi."

Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa heshima kule Kiandutu, mtaa wa Thika alikoishi. Alimsikia binti yake akifanya mazoezi, akasema mtoto aliyelelewa kanisani hangurumi kama mnyama. Tangu siku hiyo walikuwa hawajaketi meza moja.

Nilimwambia Njambi ukweli, kwamba rekodi ile siwezi kuicheza, si kwa sababu ni metal bali kwa sababu haisikiki. Alianza kukusanya mkoba wake. Nikamwambia aketi, sijamaliza. Nikampa alasiri ya Jumapili, wakati studio ilikuwa tupu, aje arekodi sauti upya, na fundi wetu wa mitambo, Kamau, achanganye wimbo wote tena toka mwanzo.

Nimewaona waimbaji wengi mbele ya kipaza sauti, lakini ile Jumapili sitaisahau. Tulingoja gari la moshi lipite. Njambi akanywa maji ya uvuguvugu, akatanua miguu, akaweka kiganja juu ya tumbo. Nilitarajia apige kelele za koo, zile zinazomwacha mtu bila sauti siku tatu. Hapana. Ngurumo ilitoka chini kabisa, kwenye kiwambo cha pumzi, koo likiwa limelegea kama la mwimbaji wa kwaya. Alikuwa amejifunza hilo mwenyewe kwa muda mrefu, akifunika uso kwa mto ili majirani wasisikie. Na maneno yalikuwa wazi. Kila jiwe alilitaja. Kwenye ubeti wa mwisho aliacha kunguruma, akasema jina la kaka yake kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje ale chakula, kisha sauti ya magitaa ikaanguka kwa kishindo kama ule ukuta.

Kamau alivua vipokea sauti akaomba atoke nje kidogo. Aliporudi alisema tu, "Tata, hii ngoma lazima ichezwe."

Jumatatu niliipeleka kwa Mkurugenzi wa Vipindi. Aliisikiliza yote, na kwa hilo namheshimu. Kisha akaniambia kwamba wimbo una nguvu, yeye mwenyewe ameguswa, lakini kampuni ya unga iliyodhamini kipindi imeshalalamika mara moja. Wakijiondoa, kipindi hakina mwingine wa kukishika. Nilimwambia kwamba kama kiti cha mgeni hakiwezi kumkaribisha binti wa Kiuu anayemlilia kaka yake, basi hakifai kuwepo. Tulibishana kwa muda mrefu, bila kupandishiana sauti. Mwishoni akasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Tata, sitakuzuia. Wewe ndiye umekijenga. Lakini kama Jumamosi watu watatukimbia, kipindi kitakufa, na sitaweza kukiokoa. Umekubali?"

Nikasema nimekubali. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi kustaafu, na Vibao Vitatu ndicho kitu pekee nilichotaka kuacha nyuma yangu.

Wiki hiyo nilifanya kazi kama mtu mpya. Sikutaka kuipendelea "Machimbo", kwa sababu kumbeba mgeni mgongoni ni kumdharau. Nikatafuta wapinzani wa kweli. Cha pop nilichagua "Chai kwa Mama", cha kijana mmoja wa Nairobi aliyekuwa akivuma sana, wimbo wa kumwalika mpenzi aje ajulishwe nyumbani. Kiitikio chake kilikuwa kimenata mjini kote tangu kilipotoka. Cha dansi nilichagua "Lami", kazi ya binti mmoja wa Thika aliyetumia milio ya magari ya barabara kuu akaifanya ngoma. Vyote vitatu nikavisawazisha na Kamau, tukavipitisha kwenye spika kubwa, redio ya jikoni na nyuma ya mlango. "Lami" kupitia mlangoni ilitikisa vikombe. "Chai kwa Mama" ilipenya nzima nzima. "Machimbo" ilipenya kidogo: kilichosikika kilikuwa kile kiitikio tu, lakini kilisikika.

Jumamosi ilipofika Njambi aliketi na wenzake kwenye benchi la mapokezi. Aliniambia amemtumia baba yake ujumbe kumwomba asikilize, na hakujibiwa.

Nikaanza na pop. Niliwaambia wasikilizaji kwamba kijana huyu anajua kuingia ndani haraka. Hata sufuria haijachemka, kiitikio kimefika. Nikaongeza kwamba ubeti wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine, na ni uvivu, mama mkwe angeuona. Simu zikamiminika, watu wakicheka. Nikaja kwa dansi. Nikawaonyesha pale ngoma inapoondoka na kubaki honi moja ya mbali, na jinsi binti yule anavyokungojesha mpaka uinuke kwenye kiti. Mhudumu mmoja wa kuosha magari pale Ruiru alipiga akasema ameoshea gari moja mara mbili kwa sababu ya wimbo huo.

Kwa mgeni nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kabla ya kuucheza wimbo, niliyasoma maneno yake, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya familia. Nikasema, "Sasa mtasikia maneno haya haya yakinguruma. Msiniulize kwa nini haimbi kwa utamu. Jiulizeni kama mngeweza." Nikampa Kamau ishara.

Wimbo ulipoisha, taa zote za ubao wa simu, zinazowaka mtu akipiga, zilikuwa zimezima. Nimefanya kazi ya redio karibu maisha yangu yote ya utu uzima na sijawahi kuona taa zote zimezima Jumamosi. Nyuma ya kioo Mkurugenzi wa Vipindi alikuwa amesimama, mikono mfukoni, hanitazami. Nikajua nimekiua kipindi changu kwa mikono yangu. Nikaendelea kuongea, sijui nilisema nini, labda niliwatajia saa.

Taa moja ikawaka. Alikuwa mama wa Kiandutu, ambaye mumewe bado alikata mawe. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema kila jioni yeye hungoja kusikia mlango, na hajawahi kusikia wimbo unaosema jinsi kungoja huko kulivyo. Ikawaka ya pili, mkata mawe mmoja, akasema walikuwa wamezima mashine wakasikiliza wote. Ikawaka ya tatu, ya nne, kisha ubao wote ukawaka kama mji wakati stima inaporudi. Wapo waliolalamika, nikawaweka hewani pia, kwa sababu haki ni haki. Mmoja alisema bado ni kelele. Akaongeza kwamba ni kelele aliyoielewa.

Kamau akanionyesha kwa kidole simu moja, akaniandikia jina kwenye kioo kwa kalamu. Nikaifungua. Mzee alikohoa kwanza.

"Mimi naitwa Gathogo. Huyo anayenguruma ni binti yangu, na huyo aliyemtaja ni mwana wangu. Nilimkataza. Nilidhani anacheza. Leo nimesikia maneno. Mimi siku ile sikulia, nilikuwa mzee wa kanisa, nikaongoza maombi. Naona mtoto amenililia. Tata Wangeci, kama inawezekana, rudia huo wimbo."

Sheria ya kipindi ilikuwa kwamba kibao hakirudiwi. Nilitazama kioo. Mkurugenzi wa Vipindi alikuwa ametoa mikono mfukoni, na alikuwa akifanya ishara ya mduara hewani kwa kidole: rudia. Tulirudia. Kule mapokezi Njambi alikuwa ameinama, uso kwenye magoti, na mpiga ngoma wake amemwekea mkono mgongoni.

"Machimbo" ilishinda. Ilizipita "Lami" na "Chai kwa Mama" kwa kura nyingi kuliko zote tulizowahi kupokea, na yule binti wa "Lami" alipiga simu mwenyewe kusema ameipigia kura na sio kwa huruma. Wiki iliyofuata vituo vingine viliuomba wimbo. Kampuni ya unga haikujiondoa. Meneja wao wa mauzo alikuwa amezaliwa katika nyumba ya mkata mawe, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Kipindi kikaongezewa muda. Kiti cha mgeni kikapewa metal kabisa, kikawa chake, na kuanzia hapo kila Jumamosi tulilinganisha pop, dansi na metal, na bendi zikatoka mahali ambapo hatukujua kuna gitaa hata moja.

Kilele, kwangu, kilikuwa tamasha la uwanjani Thika. Mkurugenzi wa Vipindi ndiye aliyelipanga, na alisisitiza Njambi awe wa mwisho. Wakata mawe walikuja wakiwa wengi, wengine na vumbi jeupe bado kwenye nyusi. Kabla ya magitaa kuanza, Mzee Gathogo alipanda jukwaani kwa suti yake ya kijivu, akaomba umati usimame, akamwombea Mwangi na wote walioanguka machimboni. Akasema amina, akampa binti yake kipaza sauti kwa mikono miwili. Kiitikio kilipofika, uwanja mzima ulikinguruma. Nimesikia kwaya kubwa katika maisha yangu, na hakuna iliyonipanda mwilini kama ile. Wiki chache baadaye, wakata mawe wa machimbo kadhaa walikwenda kwa waajiri wao wakiwa kundi moja, wakakataa kufanya kazi chini ya ukuta wenye nyufa, na ukuta wenye nyufa ukawekewa kamba, watu wakahamishwa upande mwingine. Wimbo haukuwa umefanya hayo peke yake. Lakini waliingia ofisini wakiuimba.

Nilistaafu baada ya hapo, nikiwa nimeshiba. Vijana huniuliza kama kazi yangu bado ipo, maana siku hizi simu ndiyo inayokuchagulia nyimbo. Nawajibu kwamba simu inajua ulichopenda jana. Haijui kukuketisha mbele ya kitu ambacho hukukitaka, ikakuomba subira mpaka ukielewe. Hiyo ni kazi ya mtu, na kwa kazi hiyo inabidi uwe mwaminifu hata kwa muziki usiokuingia. Usawazishe kwanza. Uulize wimbo unajaribu kufanya nini. Ukishajua hivyo, sema ukweli wote, uzuri na uvivu, na umwachie msikilizaji uamuzi wake.

Sherehe ya kuniaga ilifanyika kwenye ukumbi mmoja wa Ruiru, mchana, watu wakiwa na sahani za pilau na mukimo mapajani. Wasikilizaji wengi walikuja, nyuso ambazo nilizijua kwa sauti tu. Mama yule wa Kiandutu alikuja na mumewe. Ilipofika zamu ya maswali, yule mhudumu wa kuosha magari alisimama, akauliza swali ambalo kwa miaka yote nilikuwa nimelikwepa: Tata, wewe mwenyewe, ukiwa nyumbani umevua viatu, unasikiliza upi kati ya hiyo mitatu?

Niliwatazama watu wa metal walioketi pamoja kwa nguo zao nyeusi, wakinisubiri kwa kiburi.

"Dansi," nikasema. "Tangu zamani. Metal inaniumiza kichwa mpaka leo."

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Njambi. Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mzee Gathogo akainuka, akasema kwamba hata yeye kichwa kinamuuma, na alikuwa akiogopa kusema. Kamau hakungoja kuambiwa. Akaweka "Lami", na ile ngoma ya chini ikaingia sakafuni. Mzee alimshika binti yake mkono akamleta katikati ya ukumbi, akicheza kwa mabega tu kama wazee wa kwetu wachezavyo, watu wa metal wakawafuata kwa mabuti yao mazito, na mimi nikavua viatu.